Uzi: Bingwa wa taifa asiyecheza fainali – historia ya timu nambari moja za futiboli ya sekondari nchini Marekani

Mkazi wa Stark (mleta uzi)

Salaam wakuu,

Ninaishi kaunti ya Stark, kaskazini-mashariki mwa Ohio, mwaka wa kumi na nne sasa. Nyumba yangu iko kati ya Canton na Massillon, miji miwili ambayo timu zake za sekondari zimekuwa zikikutana uwanjani tangu mwaka 1894. Nimeombwa mara nyingi nieleze habari za timu za shule zinazotajwa kuwa nambari moja nchini Marekani katika futiboli ya Kimarekani, yaani mchezo ule wa mpira wenye umbo la yai, na leo nimeamua kulifanya jambo hilo kwa utulivu.

Kuna jambo moja ambalo msomaji asipolishika mapema, mengine yote yatamchanganya: taji hili halina fainali. Kila jimbo lina chama chake cha michezo ya shule, chenye kanuni zake za umri, za uhamisho wa wanafunzi na za idadi ya mechi, na ubingwa wa uwanjani unaishia kwenye mpaka wa jimbo. Shirikisho linalounganisha vyama hivyo lipo, lakini haliandai mashindano ya taifa. Vijana wanaocheza ni zaidi ya milioni 1, shule ni maelfu kwa maelfu, na timu moja hucheza mechi kumi hadi kumi na sita tu kwa msimu. Kwa hiyo tangu mwanzo nambari moja ya taifa imekuwa hukumu ya mtu aliyeketi mezani na karatasi za matokeo. Ndiyo sababu ninaisoma orodha ya mabingwa hawa kwa macho mawili: inatuonyesha timu zilizokuwa bora kweli, na wakati huohuo inatuonyesha nani alikuwa na nauli ya kusafiri, nani aliandikwa na magazeti, na nani hakuhesabiwa kabisa.

Madai ya kwanza makubwa ninayoyafahamu ni ya Chicago. Tarehe 6 Desemba 1902, sekondari ya Hyde Park iliikaribisha Polytechnic Prep ya Brooklyn, timu iliyoonekana kuwa bora upande wa mashariki, na kuifunga pointi 105 kwa 0. Wakati huo kuvusha mpira mstari wa mwisho, yaani tachidauni, kulileta pointi 5 badala ya 6 za leo, kwa hiyo hesabu hiyo ni nzito kuliko inavyosomeka. Kwotabeki wa Hyde Park, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi, alikuwa Walter Eckersall, aliyekuja kuwa nyota wa Chuo Kikuu cha Chicago, na miongoni mwa wenzake alikuwamo Sam Ransom, kijana Mmarekani Mweusi aliyewatesa sana wageni siku ile. Mwaka uliofuata shule nyingine ya Chicago, North Division, iliifunga Boys High ya Brooklyn 75 kwa 0. Watu wa mashariki walikuwa wameamini kwamba mchezo huu ni wao kwa sababu ulizaliwa kwenye vyuo vyao. Mechi mbili zilitosha kuiondoa imani hiyo.

Mtindo wa kualika timu ya mbali na kisha kumtangaza mshindi kuwa bingwa wa nchi uliendelea kwa miongo kadhaa. Siku ya mwaka mpya wa 1921, Everett, mji wa mbao katika jimbo la Washington, chini ya kocha Enoch Bagshaw, ilipata ushindi wa 16 kwa 7 dhidi ya East Tech iliyovuka karibu nchi nzima kutoka Cleveland. Mwaka 1927 Waco ya Texas, chini ya Paul Tyson, iliifunga Cathedral Latin, nayo ya Cleveland, 44 kwa 12. Tazameni jinsi ubingwa ulivyotegemea mwaliko: aliyekuwa na wafanyabiashara wa mji wa kulipia treni ndiye aliyecheza, na timu bora ya kijiji cha milimani ilibaki kijijini.

Mechi ambayo mimi binafsi naiona kuwa karibu zaidi na fainali ya kweli katika zama hizo ni ile ya usiku wa Krismasi mwaka 1939, mjini Miami, iliyoandaliwa kuchangia vita dhidi ya ugonjwa wa polio. Garfield, shule ya mji wa viwanda wa New Jersey uliojaa familia za wahamiaji, ilisafiri hadi Florida kucheza na Miami High, timu iliyozoea kuwaadhibu wageni kutoka kaskazini. Miami walikuwa na Davey Eldredge, mwenye mbio ambazo hazikuwa na mfano, na Garfield walikuwa na Benny Babula, mrefu, mwenye nguvu, anayekimbia na mpira na kuupiga teke pia. Garfield walishinda 16 kwa 13. Lakini msimu huohuo hapa Ohio kulikuwa na timu nyingine ambayo haikupoteza hata mechi moja, nayo inauhesabu mwaka 1939 miongoni mwa mataji yake ya taifa hadi leo. Timu hizo mbili hazikukutana. Timu hiyo ya pili ni Massillon, na hapo naomba nikae kidogo.

Paul Brown alirudi Massillon mwaka 1932, akiwa na umri wa miaka 23, kuifundisha timu ya shule aliyosoma mwenyewe. Ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, mji ulitegemea chuma, na kazi zilikuwa zimekauka. Brown alifanya jambo ambalo leo linaonekana la kawaida lakini wakati ule lilikuwa jipya: aliagiza shule zote za chini za mji zicheze kwa mfumo mmoja na wa sekondari, kwa ishara zilezile na majina yaleyale, ili mtoto wa miaka kumi na miwili akifika timu kubwa asiwe mgeni wa chochote. Aliandika kila kitu, akawafanyia wachezaji mitihani ya maandishi, na mazoezi yake yalipangwa kwa dakika. Katika misimu tisa alishinda mechi 80, akapoteza 8 na kutoka sare 2. Mwaka 1939 ulifunguliwa uwanja mpya uliojengwa kwa fedha za serikali za kuwapa watu kazi, uwanja ambao sasa una jina lake na unachukua zaidi ya watu 16,000, katika mji ambao wakazi wake wote ni elfu thelathini na kitu.

Msimu wake wa mwisho, 1940, walifunga pointi 477 na kufungwa 6. Nairudia kwa maandishi ili asiwepo atakayedhani nimekosea tarakimu: mia nne sabini na saba kwa sita. Hizo sita zilipatikana na Canton McKinley, jirani zao, katika mechi ya mwisho ambayo Massillon walishinda 34 kwa 6. Miaka michache kabla ya hapo Canton McKinley walikuwa na kijana mmoja mwenye mwili wa nyati aliyeitwa Marion Motley, ambaye katika misimu yake mitatu timu yake ilipoteza mechi tatu tu, zote dhidi ya Massillon. Brown hakumsahau. Mwaka 1946, alipokuwa kocha wa kwanza wa timu mpya ya kulipwa ya Cleveland, alimwita Motley, na mwaka uliofuata akamwongeza Horace Gillom aliyekuwa mchezaji wake wa Massillon. Wote wawili walikuwa Weusi, na ligi kuu ya kulipwa ilikuwa imemaliza zaidi ya miaka kumi bila mchezaji Mweusi hata mmoja.

Hadi leo kila mtoto wa kiume anayezaliwa Massillon hupewa mpira mdogo na chama cha wapenzi wa timu. Niliuona kwa macho yangu. Jirani yangu wa zamani, mama kutoka Uvira ambaye tulikuwa tukizungumza naye Kiswahili, alijifungua mtoto wa kiume muda mfupi baada ya kuhamia hapa, na nilipokwenda kumpa hongera nilikuta mpira wa rangi ya machungwa, usiozidi kiganja cha mtu mzima, umewekwa pembeni ya kichwa cha mtoto. Mama aliniuliza kama ni dawa au ni desturi. Nikamwambia ni desturi, na kwamba mji umekwisha kumhesabu mwanawe. Aliuchukua ule mpira, akaufunga ndani ya kanga pamoja na nguo za mtoto.

Massillon inajihesabia mataji 9 ya taifa kati ya 1935 na 1961. Nitaendelea baada ya kusikia kutoka kwenu.

Nyuki wa Kizimkazi

Mkuu, shukrani kwa uzi huu wenye maelezo ya kutosha. Nina swali moja. Umesema "inajihesabia". Je, hakuna chombo chochote kilichokuwa kikitoa taji hilo kwa utaratibu unaojulikana, au kila mji ulijitangaza wenyewe?

Mkazi wa Stark

Swali zuri, ndugu yangu, na jibu lake ni sehemu muhimu ya historia hii. Art Johlfs wa Minnesota, aliyekuwa kocha na mwamuzi, alianza mwaka 1927 kuteua bingwa wa taifa wa kila msimu. Aliudhika kuona timu chungu nzima zikijiita mabingwa kwa wakati mmoja, akaamua apatikane mtu mmoja wa kupima madai hayo. Alikusanya matokeo na kuandikiana na watu wa majimbo mengine, na kwa miongo kadhaa kazi hiyo, iliyokuja kujulikana kwa jina la National Sports News Service, ilikuwa ndiyo kauli yenye uzito zaidi. Baada yake waliirithi watu wengine wenye moyo kama wake. Ninamheshimu sana mzee huyo, kwa sababu alifanya kazi ya ofisi nzima kwa kalamu na stempu. Hata hivyo, mtu mmoja anayesoma barua huona kile tu ambacho barua zimemletea, na barua zilitoka kwa watu wa aina fulani kuhusu shule za aina fulani.

Shangazi wa Houston

Kaka, hapo kwenye "shule za aina fulani" naomba niongezee, kwa kuwa mimi niko Texas na jambo hili lina uchungu kwa wenyeji wetu hapa.

Hadi miaka ya sitini, shule za Weusi na za Wazungu katika majimbo ya kusini hazikucheza pamoja. Hapa Texas, shule za Weusi zilikuwa na chama chao kilichoanzishwa mwaka 1920, kikiendeshwa kutoka chuo cha Prairie View, na kwa sababu hiyo kikaitwa Prairie View Interscholastic League. Viwanja vilikuwa vya mji, na Ijumaa usiku vilikuwa vya shule za Wazungu, kwa hiyo watoto wetu walicheza Jumatano au Alhamisi. Kila sikukuu ya Shukrani hapa Houston, Jack Yates na Phillis Wheatley walikutana, na kuna miaka ambayo mechi hiyo ilijaza watu zaidi ya 30,000. Mechi ya shule kwa shule! Wanawake walivaa kofia na glavu kama wanakwenda kanisani, na wazee wa mtaani kwangu bado wanaisimulia kwa utaratibu wa robo kwa robo, nani alianguka wapi.

Kutoka kwenye chama hicho walitoka wachezaji kama Joe Greene wa Dunbar ya Temple, na Bubba Smith wa Charlton-Pollard ya Beaumont aliyefundishwa na baba yake mzazi. Mtu atanishawishi vipi kwamba timu zenye vijana wa namna hiyo hazikustahili hata kufikiriwa kwenye nambari moja ya taifa? Mwaka 1967 chama kikuu cha jimbo kiliwapokea, na kufikia 1970 chama cha Weusi kilikuwa kimekwisha. Shule nyingi zilifungwa au kushushwa kuwa za madarasa ya chini, na makombe yao yakatupwa ama yakapotelea ghalani. Waliofunga hawakuona kwamba walikuwa wakifunga historia ya watu.

Mkazi wa Stark

Dada, umesema neno ambalo nilikuwa ninatafuta namna ya kulisema. Nilipoandika kwamba orodha inaonyesha nani hakuhesabiwa, nilikuwa nikiwafikiria hao hasa. Tukiitazama Valdosta ya Georgia, ambayo inajihesabia mataji 6 ya taifa na ambayo kocha wake Wright Bazemore ni miongoni mwa wakubwa wa mchezo huu, ni lazima tukumbuke kwamba taji lake la 1962 lilipatikana katika jimbo ambalo sehemu kubwa ya wapinzani hawakuruhusiwa kuwa wapinzani. Hilo haliwavunjii heshima vijana wale waliocheza. Linatuambia tu tusiitumie hesabu ile kana kwamba ilikuwa kamili.

Ni kwa sababu hiyo nilifurahi kwa dhati mwaka 2007 Miami Northwestern, shule ya mtaa wa Liberty City, ilipomaliza msimu ikiwa nambari moja. Septemba ya mwaka huo walisafiri hadi Dallas kucheza na Southlake Carroll, shule ya kitongoji cha matajiri iliyokuwa imetawala Texas, nambari moja dhidi ya nambari mbili, wakashinda 29 kwa 21. Mwaka 2013 ikafuata Booker T. Washington ya Overtown, hukohuko Miami, shule iliyoanzishwa wakati Weusi wa mji ule hawakuwa na sekondari nyingine ya kwenda.

Sasa niendelee na mpangilio wa miaka. Mwaka 1982 gazeti la USA Today lilianza kuchapishwa, na mwaka huohuo likaanza kutoa orodha ya timu bora za sekondari. Mabadiliko yake yalikuwa makubwa, kwani kwa mara ya kwanza mzazi wa Pennsylvania na mzazi wa California walisoma orodha moja, wiki moja, katika gazeti moja. Bingwa wake wa kwanza alikuwa Moeller ya Cincinnati, shule ya Kikatoliki ya wavulana ambayo Gerry Faust aliijenga kuanzia 1963 hadi 1980, akishinda mechi 174 na kupoteza 17 kabla ya kuitwa moja kwa moja kufundisha Chuo Kikuu cha Notre Dame, bila kupitia chuo kingine chochote. Moeller ni mlango wa zama mpya: shule binafsi inayochukua vijana wa mji mzima badala ya mtaa mmoja.

Miji midogo haikutoweka mara moja. Berwick ya Pennsylvania, mji wa watu kama elfu kumi uliopoteza kiwanda chake kikubwa cha mabehewa mwanzoni mwa miaka ya sitini, ulichukua nambari moja ya gazeti hilo mwaka 1983, 1992 na 1995 chini ya kocha mmoja, George Curry. Sijui mji mwingine wa ukubwa ule uliowahi kufanya hivyo mara tatu katika zama za orodha hiyo.

Mwalimu wa Zamu

Mleta uzi, heshima yako. Mimi ninafuatilia zaidi timu za sasa, na kwa maoni yangu Mater Dei ya California ndiyo timu bora ya sekondari kuwahi kutokea. Huko nyuma ushindani ulikuwa mdogo. Naomba maoni yako, na naomba pia usiisahau De La Salle, kwa maana kila Mmarekani niliyefanya naye kazi aliitaja.

Mkazi wa Stark

Mwalimu, siwezi kuisahau De La Salle hata ningetaka. Nitaanza nayo.

Ni shule ya Kikatoliki ya wavulana, kama elfu moja tu, katika mji wa Concord, mashariki mwa San Francisco. Bob Ladouceur alipoichukua mwaka 1979 timu hiyo haikuwa na msimu hata mmoja ambao ushindi ulizidi kushindwa. Desemba 1991 walipoteza fainali ya kanda yao dhidi ya majirani zao wa Pittsburg. Baada ya siku hiyo hawakupoteza tena hadi Septemba 2004. Mechi 151 mfululizo, misimu kumi na miwili kamili. Rekodi iliyokuwepo ilikuwa ya Hudson, mji mdogo wa Michigan, iliyoshinda 72 kati ya 1968 na 1975; De La Salle waliivuka mwaka 1997 na kuendelea hadi wakaizidi maradufu. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mfululizo ulipoanza alimaliza sekondari bila kuwa amesikia kwamba De La Salle wamefungwa.

Walifanyaje? Mfumo wao wa ushambuliaji ulikuwa wa zamani, ule ambao kwotabeki hukimbia na mpira pembeni ya mstari na kuamua kwa kumtazama beki mmoja kama aukabidhi au abaki nao. Wachezaji wao wa mbele mara nyingi walikuwa wembamba kuliko wapinzani, ila waliondoka pamoja, wakati mmoja, chini kwa chini, hata mpinzani akajikuta amesukumwa kabla hajainua mikono. Lakini jambo ambalo mimi hulitafakari zaidi ni la mkesha wa mechi. Kila mchezaji aliandika kwenye kadi ndogo ahadi zake za wiki: mazoezini nitafanya hiki, kwenye mechi nitafanya kile. Kisha alisimama mbele ya wenzake, akaisoma kwa sauti, na kumkabidhi mwenzake mmoja kadi hiyo aitunze. Baada ya mechi mwenye kadi ndiye aliyemwambia kama ametimiza. Uwanjani waliingia wawiliwawili wakiwa wameshikana mikono. Ladouceur alistaafu baada ya msimu wa 2012 akiwa na ushindi 399, kushindwa 25 na sare 3.

Tarehe 6 Oktoba 2001 walikwenda Long Beach kucheza na Poly, shule ya umma yenye maelfu ya wanafunzi na vijana wengi waliokwisha kuahidiwa nafasi vyuoni. Ilikuwa mara ya kwanza nambari moja na nambari mbili wa orodha ya USA Today kukutana uwanjani. De La Salle walishinda 29 kwa 15, na kijana mfupi aliyeitwa Maurice Drew alivusha mpira mara nne. Kwa wale wanaosema hawakupata upinzani, hilo ndilo jibu langu. Na kwa wale wanaoamini kwamba orodha ni kipimo kamili, kuna msimu wa 1999: De La Salle walishinda mechi zao zote, na gazeti lilimpa nambari moja Midland Lee ya Texas.

Mwisho wake ulikuwa wa kusikitisha. Agosti 2004 mmoja wa wachezaji waliokuwa wamehitimu, kijana aliyebakiza siku chache aende Chuo Kikuu cha Oregon, aliuawa kwa risasi katika mji jirani wa Richmond. Wiki chache baadaye, tarehe 4 Septemba, timu iliyojaa vijana wageni ilicheza na Bellevue mjini Seattle mbele ya watu karibu 25,000, ikafungwa 39 kwa 20.

Sasa Mater Dei. Sina ubishi juu ya ubora wao. Chini ya Bruce Rollinson, aliyefundisha hapo kuanzia 1989 hadi 2022, walitajwa mabingwa 1994, 1996, 2017, 2018 na 2021, na shule hiyo ya Santa Ana imetoa washindi watatu wa tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo vikuu: John Huarte, Matt Leinart na Bryce Young. Hata alipoondoka hawakushuka mara moja. Mshindani wao, St. John Bosco ya Bellflower, yuko mwendo mfupi kwa gari, naye ametwaa nambari moja zaidi ya mara moja, kwa hiyo kuna miaka ambayo mechi ya ligi yao ya kawaida imekuwa sawa na fainali ya taifa isiyo rasmi. Kabla yao ilikuwapo Bishop Gorman ya Las Vegas, bingwa miaka mitatu mfululizo kuanzia 2014.

Nisilokubaliana nalo, Mwalimu, ni kuzipima timu hizi kwa mizani moja na Massillon ya 1940 au Berwick. Leo mchezaji mzuri wa miaka kumi na minne huhama, wakati mwingine na familia nzima, kuzifuata shule chache zinazojulikana. IMG ya Bradenton, Florida, iliyotajwa bingwa mwaka 2020, ni chuo cha michezo cha bweni kinachopokea vijana kutoka kila upande wa nchi na hata nje yake. Ni halali, na vijana wananufaika. Lakini Brown alicheza na watoto ambao mji ulikuwa nao mwaka huo. Akikosa kwotabeki, alimtengeneza.

Na safari hii ya kuzikusanya timu badala ya kuzilea ilifika mahali pabaya Agosti 2021. IMG walicheza na timu iliyojiita Bishop Sycamore, kutoka Ohio kwetu, na mechi ikaonyeshwa na televisheni ya ESPN nchi nzima. Ilichezwa Canton, katika uwanja ulio kando ya jumba la kumbukumbu ya magwiji wa mchezo huu. Matokeo yalikuwa 58 kwa 0. Watangazaji wenyewe walianza kuhoji hewani kabla mechi haijaisha, kwani taarifa za wachezaji walizopewa hazikuthibitika, na ikajulikana kwamba vijana wale walikuwa wamecheza mechi nyingine siku mbili kabla, jambo la hatari kwa miili yao. Baadaye ikabainika kwamba shule yenyewe haikuwa shule kwa maana yoyote tunayoijua. Niliitazama nikiwa nyumbani, maili chache tu kutoka pale, na nilichoona ni watoto wa watu waliochoka wakiinuliwa kutoka chini na wenzao.

Nyuki wa Kizimkazi

Mkuu, umenigusa. La mwisho kutoka kwangu: hao Massillon wenye mataji tisa, leo hii wako wapi?

Mkazi wa Stark

Wapo, ndugu yangu. Ohio ilianza kumpata bingwa wa jimbo kwa mtoano mwaka 1972, na Massillon, pamoja na mataji yao yote ya karatasi, walikwenda miaka hamsini na moja bila kulitwaa lile la uwanjani. Walifika fainali mara kadhaa na kurudi mikono mitupu, na kuna wazee waliozikwa wakisubiri.

Novemba 2023, katika uwanja uleule wa Canton nilioutaja, walicheza fainali ya daraja la pili dhidi ya Archbishop Hoban ya Akron. Nilikuwa jukwaani. Ilikuwa baridi ya kuuma masikio, na mchezo ulikuwa wa kusukumana yadi kwa yadi. Ulimalizika 7 kwa 2. Kipenga kilipolia, mzee aliyekuwa mbele yangu, mwenye koti la rangi ya machungwa lililopauka hadi karibu kuwa njano, hakushangilia. Aliketi, akavua kofia, akaiweka magotini, na akabaki akiutazama ubao wa matokeo hadi taa za upande wetu zilipoanza kuzimwa.